Nyekundu kwa Nyekundu

Waliniita kutoka Mwanjelwa, nikafika Tukuyu
na begi la bisibisi, tepu nyeusi, na mita yangu ya zamani
ambayo mshale wake hutetemeka kama shahidi mahakamani.
Mvua ilikuwepo. Pale ni kwake.

Mzee Anyelwisye akanionyesha sabufa:
nyeusi, pana, imejibanza kwenye pembe ya sebule
kama mgeni aliyekula akasahau kuaga.
"Gwamaka aliileta Krismasi. Inanguruma,
vikombe vinacheza kabatini, mbwa halali,
lakini besi siisikii.
Mimi niliimba sauti ya nne. Besi naijua."

Na waya huu? Gwamaka tena.
Umesukwa kama mkia, ncha zake zina dhahabu,
bei yake (akanong'ona, mkewe asisikie)
magunia sita ya viazi.
Nikatoa begini waya wangu wa elfu mbili kwa mita,
nikamwambia: geukia ukuta, sikiliza.
Nikafunga, nikafungua, nikafunga.
Mara tatu alisema, "Huu sasa ndio wa Gwamaka."
Mara tatu ulikuwa wangu.
Sikumwambia. Nilisema tu:
uwe mnene kiasi, usiwe mrefu bure, usishike kutu.
Yaliyobaki ni mapambo ya boksi.

Kuhusu sabufa, nilimwomba jambo la aibu.
Pembe ya ukuta hutia chumvi kila neno,
lazima tuiondoe pale. Tukaipandisha kwenye kiti chake,
kile chenye kitambaa cha bluu, ikakaa kama baba mwenye nyumba,
halafu nikamwambia atambae.
Mzee wa kanisa, miaka sabini na mmoja,
magoti sakafuni, sikio chini, anafuata ukuta:
"Hapa inavimba.
Hapa inakufa.
Hapa
tena inavimba."
Tusajigwe alitokea jikoni, ndizi mkononi, kisu mkononi,
akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akarudi jikoni.
"Hapa," akasema mzee karibu na mlango ule,
"hapa inasema."
Tukaihamishia hapo.

Lakini kaseti yake ya kwaya, ya mwaka themanini na nne,
bado ilikuwa nyembamba, watu wote vichwa bila vifua.
Sabufa hubeba ngurumo; koo la mtu hukaa kwenye spika.
Nikageuza spika ya kushoto.
Nyekundu iko kwenye nyeusi.
Moja inasukuma, mwenzake anavuta,
mlango mmoja, mtu ndani, mtu nje, hauendi popote.
"Nani alifunga hii?"
"Mimi. Tulipohamia. Tisini na sita."

Nikabadili. Dakika moja, bisibisi moja.
Kikaja kinanda. Kikaja kikohozi cha mtu.
Zikaja sauti za juu, na chini yake,
kana kwamba sakafu imefungua kinywa, sauti ya nne.
Mzee akatabasamu.
Kisha tabasamu likasimama.
Kwa maana alikuwa anachelewa.
Kila mwisho wa mstari, nusu pigo,
kama mtu anayefunga zizi ng'ombe wakiwa wamekwisha lala.

"Fundi," akasema polepole, "ule waya.
Urudishe ulivyokuwa."

"Uache," ikasema sauti ya jikoni.
"Nilisimama mbele yako, sauti ya pili,
pumzi zako shingoni mwangu. Nilijua.
Rudisha nyuma, usikilize nani mwingine amechelewa."

Tukarudisha nyuma.
Katikati ya wasichana wale yuko mmoja
ambaye neno la mwisho haliachii.
Wenzake wamekwisha nyamaza, yeye analishikilia,
nusu pigo,
mpaka besi ifike.

Nililipwa elfu kumi na tano na mkungu wa ndizi.
Waya wa Gwamaka niliuviringa, nikauweka juu ya kabati.
Wakati naaga, Tusajigwe alikuwa anaupima kwa macho;
kamba ya kuanikia nguo ilikatika juzi.